Elimu Itolewe, na Nani?

Kuna sentensi moja ambayo sisi wanafunzi tunaipenda kuliko zote. Tunaiweka mwishoni mwa insha, mwishoni mwa ripoti ya utafiti, mwishoni mwa wasilisho la semina, pale ambapo mawazo yameisha lakini ukurasa haujajaa. "Elimu itolewe kwa jamii." Watu wanakata mikoko? Elimu itolewe kwa jamii. Wasichana wanaozwa mapema? Elimu itolewe. Watoto wanapewa dawa ya homa kiholela? Jamii ielimishwe. Mhadhiri anaweka alama ya vema pembeni, nasi tunakwenda kula.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sarufi anajua kasoro ya kitenzi hicho. Kiko katika kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ina ruhusa ya kumficha mtenda. Elimu itolewe: na nani? Lini? Kwa lugha ipi? Sentensi haisemi, na nadhani ndiyo sababu inapendwa. Inatuachia picha kwamba kuna upungufu mahali fulani, na upungufu huo umo kichwani mwa jamii. Tukiuliza jamii ni nani hasa, katika habari ya dawa za watoto jibu ni moja: ni mama. Yeye ndiye asiyejua. Yeye ndiye wa kuelimishwa.

Napinga. Nitachukua jambo moja tu, yaani dawa ya kushusha homa ya mtoto inayonunuliwa bila cheti cha daktari, na nitaipeleka mahali pamoja, kisiwa cha Macaloe, ili tuone hiyo elimu inayotakiwa kutolewa imekwama wapi.

Macaloe ni kisiwa kidogo katika safu ya visiwa vya Quirimbas, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Ni pwani ya Wamwani, watu wa bahari na watu wa msikiti, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu sana wa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kinasikika huko pia, kwa sababu ya uvuvi, biashara, ndoa na chuo cha Kurani. Wavuvi kutoka Tanzania wamekuwa wakishuka pwani hiyo tangu zamani. Kireno ni lugha ya shule na ya serikali. Anayetaka kwenda bara anakwenda kwa chombo, na chombo kinangoja upepo na maji. Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo Aprili 2019. Kabla yake, tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilikuwa vimeanza mjini Mocímboa da Praia, na baada ya hapo zahanati nyingi za kaskazini zilichomwa au zikabaki bila wahudumu. Mamia ya maelfu ya watu walihama. Mwaka 2020 mashua zilizojaa familia zilikuwa zikifika moja baada ya nyingine kwenye ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba (Pemba ya Msumbiji, si kile kisiwa cha karafuu). Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba kila mama ana zahanati nyuma ya nyumba, ila kaamua tu kutokwenda.

Mahali kama hapo dawa hufika jinsi sukari inavyofika: ndani ya boksi, chomboni, pamoja na sabuni na betri za tochi. Iliyotoka bara la Msumbiji imeandikwa Kireno. Iliyovuka kutoka Mtwara imeandikwa Kiingereza, na Kiswahili kikiwamo ni mstari mmoja au miwili. Muuzaji wa kibandani ni mfanyabiashara, hajasomea dawa. Mazungumzo yenyewe nimeyasikia mara nyingi kwenye vibanda vya pwani hii, na hayachukui hata dakika moja.

"Kaka, nataka dawa ya homa ya mtoto."

"Hii hapa, dada. Kijiko kimoja."

"Mara ngapi?"

"Mpaka homa iishe."

Hapo elimu imeshatolewa. Imetolewa na mtu aliyekuwapo, kwa lugha inayoeleweka, bure. Tatizo ni kwamba karibu kila neno lililomo lina mtego, na mitego hiyo haikutegwa na mama.

Tuanze na neno homa. Kiswahili kinaita homa joto la mwili lililopanda. Kinaita homa ugonjwa wowote unaomlaza mtu: ana homa, yaani anaumwa. Na katika pwani yote, kuanzia Lamu hadi huku, ukisema mtoto ana homa mara nyingi msikilizaji amekwisha kuelewa malaria. Maana tatu katika silabi mbili. Kisha mtu anainua chupa anasema hii ndiyo dawa ya homa. Mama amesikia nini? Amesikia Kiswahili fasaha kabisa. Amesikia dawa inayotibu kilichomlaza mtoto wake.

Kilichomo chupani, mara nyingi, ni parasetamoli. Panadol ni jina la biashara la dawa hiyo hiyo, ingawa kwetu Panadol imekuwa jina la kila kitu cheupe cha duara. Parasetamoli inapunguza maumivu na kushusha joto, basi. Vimelea vya malaria haivigusi. Vinaendelea kuzaliana kwenye damu huku paji la uso la mtoto limepoa. Msumbiji ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa malaria duniani, na malaria ya huku ni ile inayoweza kumtoa mtoto mdogo kwenye homa ya kawaida na kumfikisha kwenye kupoteza fahamu kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana mwongozo unaofuatwa Afrika nzima unataka mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24, na akikutwa nayo apewe dawa mseto.

Sasa fikiria dawa imefanya kazi yake vizuri. Baada ya saa moja mtoto ametoka jasho, amenyonya, ameshika kifuu anachezea mchanga. Mama anamshukuru Mungu. Chombo kilichokuwa kiende bara kinaondoka bila yeye, maana safari ya nini? Usiku joto linarudi. Anampa tena, linashuka tena. Siku mbili zimepita. Hakuna aliyezidisha dozi, hakuna aliyezembea, na mtoto amepoteza siku zile mbili ambazo kipimo na dawa mseto vingemwokoa. Wahudumu wengi wa afya Tanzania husema "dawa ya kushusha homa," na naona kile kitenzi kushusha kina thamani kuliko mabango yote ya kampeni ninayoyajua. Anayeshusha mzigo hajauondoa nyumbani. Lakini kibandani kitenzi kimedondoka, imebaki "dawa ya homa," na sisi wataalamu wa lugha hatujafungua kinywa.

Kuna imani nyingine inayotembea pamoja na hii, na hii haiko kisiwani peke yake. Nimeisikia hata bwenini: kwamba ukimpa mtoto parasetamoli mapema unamkinga na degedege. Haimkingi. Tafiti zimelipima jambo hilo na dawa haikuzuia degedege linaloletwa na homa. Mtoto aliyeshikwa alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni, iwe kijiko, kidole au dawa, na likishapita apelekwe kituoni, kwa sababu katika nchi ya malaria degedege ni dalili ya hatari.

Sasa kijiko. Hapa naomba wenzangu wasiopenda hesabu wavumilie, kwa sababu hoja yangu yote imelala ndani ya kijiko hiki.

Dozi ya parasetamoli kwa mtoto inakwenda kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na isizidi mara 4 katika usiku na mchana mmoja. Mtoto wa kilo 10, basi, anatakiwa apate miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, na kwa siku nzima isizidi 600. Dawa za maji zinazouzwa hazina nguvu moja. Kuna chupa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Kuna yenye 250 katika mililita zile zile 5. Na kuna kichupa kidogo cha matone ya watoto wachanga ambacho kinaweza kuwa na 100 katika mililita moja tu. Rangi ni ile ile, utamu ni ule ule, picha ya mtoto anayecheka ni ile ile.

Kijiko kimoja, kaka amesema. Kijiko cha chai kilichojaa mililita 5 cha chupa ya kwanza kinampa mtoto wetu miligramu 120, dozi nzuri. Cha chupa ya pili kinampa 250, karibu mara mbili ya kiwango cha juu. Cha kichupa cha matone kinampa 500, yaani kidonge kizima cha baba yake. Na hapo tumechukulia kwamba kijiko ni kijiko cha chai chenye mililita 5. Vijiko vya nyumbani havikutengenezwa kwa ajili ya dawa. Kimoja kinabeba 3, kingine 6. Kijiko cha kulia wali kinaweza kubeba 15. Jaza kijiko hicho dawa ya chupa ya pili na umempa mtoto wa kilo 10 miligramu 750 kwa mkupuo mmoja, kupita kikomo cha siku nzima. Mwingine ana kijiko kidogo, anamimina nusu asimzidishie mwanawe, mtoto anapata 60, joto halishuki, mama anaona dawa hii dhaifu, anaongeza.

Tena, dawa nyingi za aina hii ni ungaunga uliotawanywa ndani ya maji mazito, nao hutulia chini chupa ikikaa. Kwenye boksi la Kireno imeandikwa "agitar antes de usar," yaani tikisa kabla ya kutumia. Asiyetikisa anampa mtoto maji matamu siku ya kwanza, na siku ya tatu anampa mashapo yenye dawa yote. Maneno manne ya Kireno. Hakuna siri hapo, wala sayansi ngumu. Ni tafsiri tu.

Na "mpaka homa iishe" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu homa ya malaria haiishi kwa parasetamoli. Kwa hiyo muuzaji, bila kujua, ameagiza dawa isiyo na mwisho. Parasetamoli ikitolewa kwa kipimo ni dawa salama sana, na nisingependa msomaji aondoke hapa akiiogopa. Ikizidi, na hasa ikizidi siku baada ya siku kwa mtoto asiyekula, inaharibu ini. Sumu hiyo haina haraka ya kujionesha. Siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo na kuwa mnyonge, jambo ambalo mtoto mwenye homa hulifanya hata hivyo. Baada ya siku mbili tatu ndipo macho yanaanza kuwa manjano. Iko dawa ya kuikabili, inaitwa asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo. Nayo ni dawa ya hospitali kubwa, haipandi chomboni na sabuni.

Kuna pia kuchanganya. Mama amenunua Panadol ya maji, jirani amempa dawa ya mafua ya watoto. Majina mawili, maboksi mawili, na ndani ya yote mawili kuna parasetamoli. Ametoa dozi mbili akidhani ametoa dawa mbili. Bado kuna aspirini kwenye kopo la vidonge vya rejareja, vinavyouzwa kimoja kimoja vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha gazeti: tangu miaka ya 1980 nchi nyingi zimeonya watoto wasipewe aspirini kwa homa kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini, na Uingereza mwaka 2002 ilipandisha umri wa katazo hadi miaka 16. Kipande cha gazeti hakisemi hivyo. Ibuprofeni nayo si ya mtoto anayetapika na kuharisha na kukaukiwa maji. Nayapita haya haraka kwa sababu kasoro ni ile ile: maarifa yapo, yamechapwa, yamebaki kwenye boksi lililotupwa.

Najua jibu litakalonijia semina ikifunguliwa kwa maswali, maana nimelisikia. Kwamba hata tukiandika kwa Kiswahili, kina mama wa kisiwani hawawezi kukokotoa miligramu kwa kilo. Naomba wanaosema hivyo wafike ufukweni maji yakiwa makavu. Kina mama wa visiwa hivi wanatoka kutafuta pweza juu ya mwamba. Wanajua bamvua na maji mafu bila kalenda ya ukutani, wanajua kesho maji yatatoka kwa kuchelewa kiasi gani kuliko leo. Pweza wanamuuzia mchuuzi kwa kilo, na mchuuzi akitia kidole kwenye mizani wanamwona. Mtu anayeweza kubishana juu ya robo kilo ya pweza anaweza kumpima mwanawe. Mizani ipo. Iko pale pale ufukweni, imening'inia, na mtoto akiwekwa kwenye kanga anapimika kama wanavyopimwa watoto kliniki.

Na hesabu yenyewe, tukiitafuna sisi kwanza, ni rahisi mno. Kwa chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, nusu mililita kwa kila kilo ya mtoto. Kwa chupa yenye 250, robo mililita kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 8, chupa ya kwanza: mililita 4. Chupa ya pili: 2. Ukiwa na bomba la plastiki lisilo na sindano, lile lenye mistari, hakuna tena ugomvi wa kijiko. Nimeipata hesabu hiyo kwa kugawanya namba zilizo kwenye boksi. Ingeweza kuwa imeandikwa tangu kiwandani.

Hata saa inahitaji mtu anayekijua Kiswahili. Boksi linasema kila baada ya saa 6. Litafsiri ovyo, "kila saa sita," na mtu wa pwani anasikia saa sita mchana na saa sita usiku, mara mbili kwa siku. Mtoto aliyekwenda shule atamsomea mama "seis horas," na hiyo kwa saa ya Kireno ni saa kumi na mbili yetu. Kisiwani kuna saa nyingine isiyo na utata, nayo inasikika hadi baharini. Baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya magharibi, na joto likirudi usiku wa manane, mara moja tena. Hizo ni mara nne, ilimradi kati ya moja na nyingine pasipungue saa nne, ambazo ndizo kiwango cha chini. Sijawahi kuona karatasi ya dawa iliyoandikwa hivyo.

Wako wanaotaka vibanda vifungwe. Ni rahisi kusema ukiwa mjini, ambako ukifunga kibanda kuna famasia mtaa wa pili. Ng'ambo ya mto Ruvuma walifikiri tofauti. Tanzania ilikuwa na maduka ya dawa baridi, mengi yakiuza visivyoruhusiwa na wauzaji wasiofunzwa. Mwaka 2003, katika Mkoa wa Ruvuma, serikali ilianza kuyageuza kuwa Maduka ya Dawa Muhimu: muuzaji anafunzwa, duka linasajiliwa na kukaguliwa, na orodha ya anachoruhusiwa kuuza inajulikana. Mpango ulianzia mkoa huo wa kusini, uliopakana na Msumbiji, kisha ukaenea Tanzania Bara. Haukuleta pepo; kila anayenunua dawa Tanzania anajua wauzaji wanaosinzia kaunta. Lakini angalieni vitenzi: serikali ilianza, mkaguzi anakagua, muuzaji anasoma. Mtenda yupo. Msumbiji nayo ina wahudumu wa jamii, ambao mpango wao ulianza mwaka 1978 kwa jina la Agentes Polivalentes Elementares. Anapokuwapo mmoja wao mwenye vipimo na dawa mseto, ile homa ya kisiwani inapimwa kabla chombo hakijatafutwa. Anapokuwa amekimbia vita, au hakuwahi kupangwa kisiwani, anabaki yule kaka wa kibandani. Basi afunzwe na Wizara ya Afya, kwa siku chache, kwa lugha anayouzia.

Kuna jambo moja ambalo hata kaka akifunzwa na mama akapima kwa bomba hawataliweza. Mwaka 2008 na 2009, Nigeria, watoto 84 walikufa baada ya kupewa dawa ya maji ya watoto wanaoota meno, yenye parasetamoli, iliyoitwa My Pikin. Ndani yake mlikuwa na dayethilini glaikoli, sumu ya viwandani inayoua figo. Mwaka 2022, Gambia, watoto wapatao 70 walikufa baada ya kupewa dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na sumu ya jamii hiyo. Sumu hiyo ni tamu. Haina harufu. Hakuna mama duniani, awe na shahada tatu, anayeweza kuiona kijikoni. Inaonekana maabara tu, na maabara ni ya serikali. Msumbiji chombo chenye kazi hiyo ni ANARME, mamlaka ya kusimamia dawa. Boksi lililovuka bahari usiku bila kupita kwa mkaguzi yeyote halijapita maabara. Nani aje kuniambia hapo kwamba jamii ielimishwe?

Sasa nageukia kwetu, wanafunzi wa Kiswahili na waliotufundisha. Agosti 2019, Dar es Salaam, mkutano wa wakuu wa nchi za SADC ulikifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Msumbiji ni mwanachama. Tulishangilia, na kila tarehe 7 Julai tunashangilia tena Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na makala kuhusu nafasi ya lugha yetu katika utangamano wa kikanda. Utangamano wa kikanda, kwa mtu wa Macaloe, ni boksi la dawa lililovuka kutoka Mtwara. Boksi hilo limetoka nchi ya Kiswahili likaingia pwani ya Kiswahili, na njia nzima limezungumza Kiingereza. Tuna istilahi za tarakilishi, tuna kishikwambi, tunabishana miaka kama tuseme ngamizi au kompyuta. Kwenye chupa ya mtoto tumeacha "kijiko kimoja cha chai" na "tumia kama ulivyoelekezwa na daktari," kwa mtu ambaye daktari hakumwona.

Ninapendekeza maneno haya, kwa chupa ya miligramu 120 katika mililita 5. Yanaweza kukosolewa na mfamasia kwanza, kisha na mwanaisimu:

"Dawa hii inashusha joto. Haiui malaria. Hata mtoto akipata nafuu, mpeleke akapimwe malaria leo, asipite kesho. Tikisa chupa. Mpime mtoto uzito, umpe nusu mililita kwa kila kilo, kwa bomba lililomo humu. Usitumie kijiko cha nyumbani. Mpe akiwa na joto kali au maumivu tu: alfajiri, adhuhuri, magharibi, na usiku wa manane, pasipungue saa nne kati ya dozi na dozi. Usizidishe mara nne. Usimpe pamoja na dawa nyingine yenye parasetamoli, na aspirini usimpe kabisa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu usimpe dawa hii mwenyewe. Homa yake ni ya kupelekwa kituoni sasa hivi. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea au asipoamka vizuri, usingoje dawa ifanye kazi. Tafuta chombo."

Kila mwaka wanafunzi wa somo la tafsiri katika idara yetu hupewa matini ya kufanyia kazi, na mara nyingi huwa ni hotuba ya kiongozi au kipande cha riwaya. Mwaka huu naomba wapewe boksi la dawa, na walio miongoni mwetu wanaozungumza Kimwani waketi upande wa pili wa meza.